Makali ya Nyanya

Thembo hunyoa nywele za mkono kwa kisu chake.
Kila asubuhi, kabla ya mizani kutundikwa,
hukipitisha kwenye ngozi, akapuliza vinyweleo,
akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.
Mkono wake wa kushoto ni kipara hadi kiwiko.

Changu hakinyoi.
Ni kisu cha kukunja, kipini cha pembe, bawaba imelegea kidogo.
Nilikinunua Mpondwe, upande wetu wa daraja,
na muuzaji akaapa kwa jina la mamake kwamba kimetoka Ujerumani.
Kweli kimeandikwa Ujerumani,
ila herufi moja imekosewa.

Kazi yetu hapa Kasese ni magunia.
Kahawa inashuka kutoka Kyondo, kutoka Kyarumba,
imeshonwa kwa uzi wa katani;
tunafungua, tunachota, tunanusa, tunang'ata punje.
Kisu cha Thembo hupita kwenye uzi bila hodi,
kikapita na gunia,
kikachanja na ncha ya kiatu.
Juzi kahawa ya Masika ilimwagika kwenye matope.
Masika hakupiga kelele.
Alipiga magoti, akaanza kuokota punje mojamoja,
na sote tukakosa pa kuweka macho.

Makali yakizidi hayasemi.
Mimi nataka nisikie uzi unapokatika,
ta, ta, ta,
mkono ujue pa kusimama.

Si kwamba naabudu ubutu.
Nyanya yangu Kabugho aliweka kisu butu kwa makusudi:
wajukuu tulikuwa tisa, na mikono yetu haikutulia.
"Hiki hakimkati mtu," alisema.
Hadi siku ya boga,
boga la Krismasi, gumu kama kichwa cha beberu.
Alilikandamiza kwa kifua, kwa mabega, kwa hasira,
kisu kikateleza,
kikaondoka na ncha ya dole gumba lake.
Butu huomba nguvu,
na nguvu ikishaombwa haiulizi njia.

Kinoo changu ni jiwe la Nyamwamba.
Usiku mto ulipovunja kingo ulibeba jiko letu,
sufuria, mlango, mbuzi mwenye mimba.
Asubuhi ukatuachia mawe uani,
kama mdaiwa anayelipa kwa sarafu zisizotumika.
Moja lilikuwa la kijivu, laini, kadiri ya mkate.
Biira, mke wangu, alitaka litupwe pamoja na mengine.
Nikalificha nyuma ya pipa.
Siku hizi nalimwagia maji kidogo,
upande huu mara kumi, upande ule mara kumi,
na kuna siku napoteza hesabu
kwa kulisikiliza linavyoguna.
Biira akisikia, huingia ndani.

Kipimo changu ni nyanya, si yule wa boga, hii ya sokoni,
mbivu, ya kuuzwa jioni kwa hasara.
Nalaza kisu juu ya ngozi yake, sisukumi.
Kikibonyeza kwanza, narudi kwenye jiwe.
Kikizama kwa uzito wake chenyewe, naacha.
Na kikipita nisijue, nimevuka mpaka:
naburuta makali kwenye gogo, mara moja,
kiadabike.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Sawa, Thembo. Nyama tunakula lini, mimi na wewe?
Chungwa je? Kamba ya kuku?
Penseli ya mtoto anayelia kwamba amechelewa shule?
Mwiba wa kisigino, ambao nao
unataka ncha yenye huruma?

Leo Masika amerudi, gunia kichwani.
Amempita Thembo bila kumsalimu,
akalitua mbele yangu, akalishika masikio kwa mikono miwili
kama mtu anayemshikilia mtoto achomwe sindano.
"Fungua wewe," akasema. "Polepole."

Ta.
Ta.

Thembo akashusha mkono wa shati.